Safari ya Dawa Katika Damu: Kwinini ya Usambara na Molekuli Wenyeji

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo mahali paitwapo Amani, katika Milima ya Usambara ya Mashariki. Miongoni mwa mimea mingi ya kigeni iliyopandwa huko ulikuwemo mkwinini, ambao wataalamu wa mimea huuita Cinchona. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na gome lake chungu ndilo chanzo cha kwinini, dawa ya malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), manowari za Uingereza zilipofunga njia ya bahari na dawa zisifike kutoka Ulaya, gome la miti ya Usambara lilitumiwa kutengeneza kwinini ya kuwatibu askari wa Kijerumani.

Uhusiano wa milima hii na malaria haukuishia hapo. Taasisi ya malaria ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzia Muheza mwaka 1949, ilihamia Amani baada ya muda mfupi. Na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, Amani ikawa mojawapo ya vituo vyake. Eneo lenyewe lafaa sana kwa kazi hiyo. Kule juu Lushoto kuna baridi, na mbu wa malaria ni wachache. Huku chini Mombo, Korogwe na Muheza joto ni kali na ugonjwa ni wa kawaida. Mtu aliyelelewa kileleni, ambaye mwili wake haujazoea vimelea vya malaria, akiugua huweza kuugua vibaya sana.

Watu wengi wanafahamu kwamba kwinini huua vimelea vya malaria. Wachache wamejiuliza swali linalotangulia hilo: dawa ikisha kuingia katika damu husafirije mpaka imfikie kimelea? Je, huelea tu kama chumvi katika maji, au hubebwa? Na kama hubebwa, mbebaji wake akiongezeka au akipungua, mgonjwa hupata faida au hasara? Haya si maswali ya maabara peke yake. Makala haya yataonyesha kwamba jibu lake laweza kumfanya tabibu asome vibaya kipimo cha dawa katika damu, na kosa hilo laweza kugharimu maisha.

Damu si maji matupu

Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano. Zaidi kidogo ya nusu yake ni utegili, yaani ule umajimaji wa rangi ya manjano unaobaki juu damu iliyozuiwa kuganda inapoachwa itulie. Sehemu kubwa ya utegili ni maji, lakini ndani yake mna chumvi, sukari, mafuta na protini. Kila lita ya utegili ina gramu 60 hadi 80 hivi za protini. Kwa habari ya usafirishaji wa dawa, protini mbili ni muhimu kupita nyingine.

Ya kwanza ni albumini. Hutengenezwa katika ini, na katika mtu mwenye afya njema kila lita ya utegili ina gramu 35 hadi 50 za albumini. Molekuli moja ya albumini ni mnyororo wa amino asidi 585 uliojikunja na kujifunganya hata ukawa na vijishimo kadhaa ndani yake. Uzito wake ni karibu mara 200 ya uzito wa molekuli moja ya kwinini. Albumini hupokea kwa wepesi dawa nyingi zenye tabia ya asidi, kama vile aspirini na dawa za salfa, na pia asidi za mafuta zinazotokana na chakula.

Ya pili ni orosomukoidi. Hii ni chache zaidi. Katika mtu mzima mwenye afya haifiki sana zaidi ya gramu moja katika lita ya utegili. Lakini ina sifa mbili za pekee. Kwanza, hupendelea dawa zenye tabia ya besi, na kwinini ni mojawapo. Pili, mwili unaposhambuliwa na maradhi makali, ini huitengeneza kwa wingi, hata ikaongezeka mara mbili, tatu au nne. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndilo kiini cha habari ya kwinini.

Mwenyeji na mgeni

Wanakemia huitumia lugha ya ukarimu kuelezea mambo haya. Molekuli kubwa yenye nafasi ya kumpokea mwenziwe huitwa molekuli mwenyeji, na ile ndogo inayoingia katika nafasi hiyo huitwa molekuli mgeni. Mwenyeji na mgeni hawaunganishwi kwa kani kali za kikemia kama zile zinazoshikamanisha atomu za haidrojeni na oksijeni katika maji. Hushikana kwa mivuto midogo midogo: chaji chanya kuvutana na chaji hasi; sehemu isiyopenda maji ya mgeni kujificha katika kijishimo kisichopenda maji cha mwenyeji; na umbo la mmoja kulingana na umbo la mwingine, mithili ya ufunguo na kufuli yake.

Kwa kuwa mivuto hiyo ni midogo, ukaaji wa mgeni si wa milele. Daima wako wageni wanaoingia na wengine wanaotoka. Idadi ya wanaoingia kwa sekunde ikilingana na idadi ya wanaotoka, hali hiyo huitwa msawazo. Msomaji asidhani kwamba katika msawazo mambo yamesimama. Mwendo unaendelea, ila jumla haibadiliki.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yaafiki kabisa kanuni kuu ya usafirishaji wa dawa. Dawa iliyo mikononi mwa protini haifanyi kazi. Haiwezi kupenya kuta za mishipa midogo ya damu kwa urahisi, kwa sababu mbebaji wake ni mkubwa mno. Haiwezi kuingia katika chembe nyekundu ya damu alimojificha kimelea. Haichujwi na figo. Inayofanya kazi ni ile iliyoachana na mwenyeji wake, nayo huitwa dawa huru.

Chukua mfano wa basi linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Abiria walioketi ndani hawawezi kununua matunda sokoni Soni. Wanaonunua ni wale walioshuka. Anayetaka kujua biashara ya soko itakuwaje hana budi kuhesabu walioshuka, si wote waliosafiri. Lakini bila basi wengi wasingefika Soni kabisa. Vivyo hivyo, protini huichelewesha dawa, na papo hapo huisafirisha na kuitunza. Dawa huru inapotumika au inapotolewa na figo na ini, iliyofungwa huachiliwa kidogo kidogo kujaza pengo. Protini ni gari, na ni ghala pia.

Dawa hutofautiana sana kwa jambo hili. Tauni ilipozuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inajirudia kwa zaidi ya miaka ishirini, miongoni mwa dawa zinazojulikana kutibu ugonjwa huo zilikuwemo streptomaisini na jamii ya tetrasaiklini. Streptomaisini hushikwa na protini kwa kiasi cha theluthi moja tu. Doksisaiklini, iliyo katika jamii ya tetrasaiklini, hushikwa kwa zaidi ya asilimia 80. Lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, hushikwa kwa zaidi ya asilimia 99.

Jaribio la wanga na iodini

Shule yoyote yenye maabara ndogo yaweza kuonyesha mambo haya kwa vifaa vya kawaida. Kila mwanafunzi wa biolojia amepata kudondosha iodini juu ya kiazi au muhogo akaona rangi ya buluu iliyokoza. Wengi huambiwa kwamba hiyo ni dalili ya wanga, basi. Hakika ni kwamba rangi hiyo hutokana na uhusiano wa mwenyeji na mgeni. Molekuli ya wanga imejizungusha kama waya wa springi, kila mzunguko ukiwa na vizio sita hivi vya glukosi. Katikati ya springi mna upenyo, na iodini huingia humo ikajipanga mstari mmoja. Iodini huru ina rangi ya chai ya rangi. Iodini iliyopokelewa na wanga ni ya buluu. Kwa hiyo macho yenyewe yaweza kumtambua mgeni aliyepokelewa na yule aliye huru.

Hatua ya kwanza: Chukua vipande viwili vya neli ya utando wa Visking vilivyolowekwa majini. Kimoja kijaze mmumunyo mwepesi wa wanga uliopikwa na kupozwa, na cha pili kijaze maji matupu. Vifunge ncha zote, vioshe kwa nje, kisha tumbukiza kila kimoja katika bika lake lenye mmumunyo wa iodini uliozimuliwa mpaka ukafanana na chai nyepesi. Ngoja nusu saa au zaidi.

Katika bika la pili, rangi ya ndani ya neli na ya nje zitakaribia kuwa sawa. Katika bika la kwanza, ndani ya neli patakuwa buluu nzito, na nje rangi itapauka. Sababu ni hii: vijitundu vya utando hupitisha iodini, lakini havipitishi wanga. Iodini iliyoingia ikapokelewa haihesabiki tena kuwa huru, hivyo nyingine huingia kuchukua nafasi yake, mpaka iodini huru ya ndani na ya nje zilingane. Hapo jumla ya iodini iliyomo ndani ni kubwa kuliko ya nje, ingawa iodini huru ni sawa pande zote mbili. Utando hapa unasimama badala ya ukuta wa mshipa mdogo wa damu, wanga badala ya protini, na iodini badala ya dawa. Wataalamu wa dawa hutumia njia iyo hiyo: huweka utegili upande mmoja wa utando na maji ya chumvi yenye kiasi maalumu cha asidi upande wa pili, wakapima dawa kila upande, na tofauti ikawaonyesha kiasi kilichofungwa.

Hatua ya pili: Tia mmumunyo wa buluu wa wanga na iodini katika neli ya majaribio, kisha utie neli hiyo katika maji ya moto. Rangi itafifia. Ipoze mara moja, rangi itarudi. Joto limewatoa wageni kwa wenyeji wao, na ubaridi umewarudisha. Hiki ni kithibitisho kwamba mshikamano wao unageuzika.

Hatua ya tatu: Katika neli nyingine yenye rangi ya buluu, dondosha maji ya chungwa, kama yale ya Muheza, tone kwa tone huku ukitikisa. Vitamini C iliyomo huigeuza iodini huru kuwa ayoni zisizo na rangi. Kadiri iodini huru inavyokwisha, iliyopokelewa hutoka kujaza pengo, mpaka buluu yote itoweke. Ndivyo ini na figo zinavyofanya: huondoa dawa iliyo huru, lakini mwishowe hata iliyofungwa huisha.

Hesabu ya msawazo

Dawa iandikwe D, nafasi za protini zilizo wazi P, na dawa iliyofungwa DP. Uhusiano wao ni huu:

D + P ⇌ DP

Katika msawazo, ukigawanya kiasi cha DP kwa zao la D na P, hupatikana namba isiyobadilika, K, ilimradi joto halibadiliki. Namba hiyo hupima upendo wa mwenyeji kwa mgeni wake. Ikiwa kubwa, mgeni hushikwa sana. Kwa hatua chache za aljebra, ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuzifuata, hupatikana mlinganyo wa sehemu ya dawa iliyo huru:

Sehemu huru = 1 ÷ (1 + K × P)

Tuseme K × P ni 4. Sehemu huru ni 1 ÷ 5, yaani asilimia 20. Asilimia 80 imefungwa. Sasa tuseme nafasi za protini zilizo wazi zimeongezeka mara tatu. K × P inakuwa 12, na sehemu huru ni 1 ÷ 13, yaani karibu asilimia 7.7. Dawa ni ile ile, lakini inayoweza kufanya kazi imepungua kwa zaidi ya nusu.

Kwinini katika mwili wa mgonjwa

Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo. Katika mtu mwenye afya, kwinini hushikwa na protini za utegili kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 85. Katika mgonjwa wa malaria kali, orosomukoidi inapoongezeka, kiasi hicho hupanda mpaka asilimia 90 au zaidi. Ugonjwa wenyewe umeliongezea basi viti, na abiria wanaoshuka wamepungua.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kwinini ina mpaka mwembamba kati ya kutibu na kudhuru. Ikizidi huleta mlio masikioni, kichefuchefu na uziwi wa muda. Huweza kushusha sukari ya damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Tena, mgonjwa wa malaria kali huitoa dawa mwilini polepole kuliko mtu mzima wa afya, hivyo kipimo kile kile humpandishia kiasi cha dawa katika damu. Maabara nyingi hupima jumla ya dawa, iliyofungwa na iliyo huru pamoja. Fikiria wagonjwa wawili. Wa kwanza hana maradhi makali. Jumla ya kwinini katika utegili wake ni miligramu 10 kwa lita, na asilimia 20 ni huru. Dawa huru ni miligramu 2. Wa pili ana malaria kali. Jumla yake ni miligramu 15, lakini asilimia 7.7 tu ndiyo huru. Dawa huru ni miligramu 1.2 hivi.

Asiyejua habari ya protini ataona 15, ataogopa sumu, na atapunguza dawa. Kumbe mgonjwa huyo, ambaye hali yake ni mbaya zaidi, ndiye mwenye dawa huru kidogo zaidi. Kumpunguzia ni kumnyima silaha katikati ya vita. Utafiti uliofanywa juu ya kwinini na orosomukoidi, hasa nchini Thailand, ulisaidia kueleza kwa nini wagonjwa wa malaria kali huvumilia viwango ambavyo mtu mwenye afya angedhurika navyo. Matibabu ya kwinini kwa ugonjwa mkali yalianza kwa dozi kubwa ya kwanza ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, iliyotiwa mshipani polepole kwa dripu, kisha miligramu 10 kila baada ya saa nane.

Mgonjwa anapopona, mambo hugeuka. Orosomukoidi hurudi kiasi chake cha kawaida na sehemu huru ya dawa huongezeka. Kwa bahati njema, uwezo wa mwili wa kuiondoa kwinini hurudi pia, na mambo haya mawili husawazishana kwa kadiri.

Haki yataka isemwe kwamba kwinini siyo tena chaguo la kwanza kwa malaria kali. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Miongoni mwa hospitali zilizoshiriki zilikuwa mbili zilizo chini ya milima hii ya Usambara, yaani ya Korogwe na ya Muheza. Kati ya watoto waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, kati ya waliopewa sindano za artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Kwinini imebaki kuwa dawa ya akiba pale artesuneti inapokosekana.

Hata dawa mseto ya vidonge, iliyoanza kutumiwa sana Tanzania mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, ina habari yake ya wabebaji. Lumefantrini iliyomo humo haipendi maji hata kidogo. Ili iingie mwilini yahitaji chakula chenye mafuta, na ikisha kuingia katika damu hubebwa kwa sehemu kubwa na vile vifurushi vya protini na mafuta viitwavyo lipoprotini. Kwa hiyo mhudumu wa afya anapomwambia mama amnywesha mtoto dawa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, hasemi kwa mazoea tu. Anamwandalia mgeni njia.

Viti vikipungua, wageni wakigombana

Kinyume cha malaria kali ni hali ya albumini kupungua. Hutokea ini likiugua, figo zikivuja protini, au mtoto akipatwa na kwashakoo kwa kukosa chakula bora. Dawa zinazobebwa na albumini hapo huwa huru kwa sehemu kubwa zaidi. Mfano mashuhuri ni fenitoini, dawa ya kifafa, ambayo kwa kawaida hushikwa kwa asilimia 90 hivi. Kwa mgonjwa mwenye albumini haba, jumla ya dawa katika damu yaweza kuonekana ndogo ilhali iliyo huru inatosha. Tabibu akiongeza dozi kwa kuitazama jumla peke yake, atamtia mgonjwa sumu. Ni kosa lile lile la kwinini, ila limepinduka.

Huweza pia kutokea wageni wawili wakagombea kiti kimoja. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walitoa habari ya kusikitisha juu ya watoto njiti waliopewa penisilini pamoja na dawa ya salfa ili kuwakinga na maambukizo. Vifo vilikuwa vingi kuliko katika kundi lililopewa dawa nyingine, na baadhi ya waliokufa walikutwa na rangi ya manjano ndani ya ubongo. Baadaye sababu ilieleweka. Bilirubini, takataka ya manjano itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu, hubebwa na albumini mpaka ini liishughulikie. Ini la mtoto mchanga bado ni dhaifu, kwa hiyo kazi ya albumini ya kuishikilia bilirubini ni ya kuokoa maisha. Salfa iliingia, ikaitoa bilirubini kitini, nayo ikapenya ubongoni.

Hata hivyo yafaa kuepuka kutia chumvi. Kwa dawa nyingi, mgeni anayetolewa kitini hutawanyika upesi mwilini au huondolewa na ini na figo, na kiasi cha dawa huru hurudi kilipokuwa. Hatari ya kweli ipo pale ambapo mtu hana njia ya haraka ya kuiondoa ile iliyoachiliwa, kama mtoto mchanga, au pale dawa inapotiwa mshipani kwa haraka.

Wenyeji waliotengenezwa kwa wanga

Mpaka hapa wenyeji waliotajwa ni wa asili ya damu. Lakini wanakemia wamejifunza kutengeneza wenyeji wao, na malighafi yao ni wanga, ule ule wa viazi ambavyo Lushoto hupeleka Dar es Salaam kwa malori. Mwaka 1891 Mfaransa Antoine Villiers aliachia bakteria wauchachushe wanga, akapata kiasi kidogo cha fuwele asizozitazamia. Fuwele hizo ndizo ziitwazo leo saiklodekstrini. Bakteria fulani wana kimeng'enya kinachokata springi ya wanga na kuzifungamanisha ncha zake, ikawa pete. Pete ya alfa ina vizio sita vya glukosi, ya beta saba, na ya gama vinane.

Pete hiyo ina umbo la ndoo isiyo na kitako, mdomo mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine. Upenyo wa katikati haufiki hata nanomita moja. Nje yake hupenda maji. Ndani hapapendi maji. Kwa hiyo dawa isiyoyeyuka katika maji huweza kujificha ndani ya pete, na pete ikayeyuka pamoja na mgeni wake. Hivyo ndivyo dawa kadhaa za kutibu fangasi zinavyoandaliwa ziwe za kunywa au za kutia mshipani, na ndivyo ilivyoandaliwa remdesiviri, iliyotumiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 tangu mwaka 2020.

Je, pete hizi zikiingia katika damu hukutana vipi na protini? Kwanza, huzimuliwa na wingi wa damu, na kwa mujibu wa msawazo baadhi ya wageni hutoka. Pili, hukuta wenyeji wengine. Albumini mara nyingi humpenda mgeni kuliko pete inavyompenda, na nafasi zake ni nyingi. Hivyo dawa huhama upesi, pete tupu ikaenda figoni na kutolewa kwa mkojo. Mpango huo ni mzuri: pete huifikisha dawa bandarini, na protini za mwili huipokea kuendelea na safari. Tatu, pete nazo huweza kumpokea mgeni asiyekusudiwa. Baadhi ya pete za beta huchomoa kolesteroli katika kuta za chembe nyekundu hata zikapasuka, na pete ya beta isiyorekebishwa huweza kudhuru figo ikitiwa mshipani. Ndiyo maana zinazotumiwa kwa sindano ni zile zilizobadilishwa kikemia zikawa salama zaidi.

Safari nyingine mwanakemia hutaka mgeni asitoke kabisa. Mgonjwa anayepasuliwa hupewa dawa ya kulegeza misuli iitwayo rokuronio. Upasuaji ukiisha, yampasa apumue mwenyewe. Sugamadeksi, ambayo ni pete ya gama iliyorefushwa kuta, humkamata rokuronio kwa nguvu kubwa, na kwa dakika chache misuli huamka. Ulaya iliiruhusu mwaka 2008. Hapa mwenyeji mwenyewe ndiye dawa: hakuleta mgeni, bali amekuja kumchukua.

Hitimisho

Kutoka gome la mkwinini wa Amani hadi pete ya wanga, kanuni ni moja. Dawa haisafiri peke yake, na jumla yake katika damu si kipimo cha kazi yake. Protini za mbebaji hubadilika kwa maradhi, kwa lishe na kwa umri, na zikibadilika, namba ile ile ya maabara hubadilika maana. Mwalimu wa kemia afundishaye msawazo, na mwanafunzi anayetikisa neli ya wanga na iodini, wanashughulika na jambo lile lile analokabiliana nalo tabibu wa Korogwe au Lushoto usiku, mbele ya mtoto aliyepoteza fahamu. Atakayelielewa darasani hatalisahau wodini.

Maswali kwa wanafunzi

1. Dawa fulani ina K × P sawa na 9. Ni asilimia ngapi iliyo huru? Nafasi za protini zilizo wazi zikipungua kuwa theluthi, asilimia hiyo itakuwa ngapi?

2. Dawa moja hushikwa kwa asilimia 99, na nyingine kwa asilimia 50. Kila moja ikipunguziwa asilimia moja ya kushikwa, ni ipi ambayo sehemu yake huru itaongezeka mara mbili? Eleza.

3. Katika jaribio la neli ya Visking, kwa nini iodini huru ni sawa ndani na nje ingawa rangi hazifanani?

4. Kwa nini mtoto mwenye kwashakoo na mgonjwa wa malaria kali huweza kuhitaji tahadhari zinazopingana pale kipimo cha jumla ya dawa katika damu yao kinaposomwa?